Wao wanakokotoa, sisi tunapiga kelele!

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya vijana jijini Dar es Salaam. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa. – Mhariri

Ndugu zangu vijana,

Nawasalimu nyote, mliokaa na mliosimama, na wale waliobaki pale mlangoni kwa kuogopa kwamba mwishoni kutapitishwa kofia ya mchango. Ingieni. Leo hakuna kofia.

Nimeombwa nizungumze juu ya elimu. Najua neno hilo limekuchosha. Wewe uliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, cheti kiko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na sasa unaendesha bodaboda ya mkataba, ukiambiwa "kasome tena" unaona kama umetukanwa. Una haki ya kununa. Lakini sikuja kukuuzia cheti kingine. Nimekuja kukueleza juu ya somo moja ambalo watu wa upande wa pili wa meza, wale wanaokuja na mabegi ya ngozi kutia saini mikataba ya gesi, dhahabu na umeme, wanalijua kama wewe unavyoujua msimamo wa ligi. Upande wetu wa meza, mara nyingi, waliokaa walikuwa wanajua kutia saini tu.

Somo lenyewe lina jina refu: uchumi wa nishati, maliasili na mazingira, kwa ngazi ya shahada ya uzamili. Usitishwe na jina. Ukilivua koti unakuta maswali matatu. Kitu kilicho ardhini au majini kitolewe lini na kwa bei gani? Faida yake iende kwa nani? Na uchafu unaobaki, alipe nani? Basi. Kila kitabu kinene cha fani hii kinazunguka hapo.

Na wewe wa bodaboda tayari uko darasa la kwanza la somo hilo. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi milioni 2.8. Bosi anakupa kwa mkataba: elfu 10 kila siku, kwa miezi 14, kisha chombo ni chako. Siku 420 mara elfu 10 ni milioni 4.2. Hiyo milioni 1.4 ya juu ni nini? Ni bei ya bosi kungoja, pamoja na bei ya hofu yake kwamba utaigonga au utaitorosha. Kijana mwenye akili haulizi "bosi ni mwizi au si mwizi?" Anauliza: je, milioni 1.4 ni bei ya haki kwa kungoja miezi 14? Siku mvua inaponyesha, ukalala, hesabu inadaiwa au haidaiwi? Pikipiki ikiibiwa, nani anabeba? Ukijiuliza hivyo umekwisha kuwa mchumi, umebakiza karatasi tu.

Sasa mchukue kijana huyo umpeleke Tegeta.

NGOMA YA TEGETA

Mwaka 1995 Tanesco ilitia saini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme kutoka IPTL, mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta. Ndani ya mkataba kulikuwa na malipo ya namna mbili. Moja ni ya umeme unaouchukua. La pili ni la mtambo kuwepo tu, umesimama, hata kama hukuchukua uniti moja. Kwa lugha ya kijiweni: umekodi teksi kwa miaka 20, ikikupeleka mjini unalipa, ikilala uani kwako unalipa kulala kwake.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotoka mbio tukipiga yowe la mwizi. Ngoja kwanza. Duniani kote mwenye mtambo hulipwa namna hiyo, kwa sababu benki iliyomkopesha haijali kama mvua imenyesha Mtera au haikunyesha. Kosa haliko kwenye kuwepo kwa malipo hayo. Swali la mwanafunzi wa somo letu ni: shilingi ngapi? Na jibu linategemea mtambo uligharimu kiasi gani kuujenga, riba ni ipi, na kama wakati ule tulikuwa na njia nyingine ya bei nafuu. Ndiyo maana shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, mabishano makubwa yalikuwa juu ya gharama za ujenzi. Malipo yakapunguzwa, na mtambo ukaanza kutuuzia umeme Januari 2002. Maana yake ni kwamba hesabu ya kwanza haikuwa sawa, na aliyeiona hakuwa na bunduki wala bendera. Alikuwa na kalamu na kikokotoo.

Na njia nyingine ilikuwepo? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilifika Ubungo kuzalisha umeme mwaka 2004. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku ile gesi inaonekana alikuwa baba wa watoto watatu ilipowaka.

Nenda kwenye dhahabu. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3, na ulitozwa kwenye thamani baada ya kutoa gharama kama za kusafirisha na kusafisha. Sheria ya mwaka 2010 ikaupeleka asilimia 4, tena kwenye thamani ghafi. Mwaka 2017 ikawa asilimia 6, na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake. Mtu wa kawaida anasikia 3, 4, 6 na kudhani ngoma yote iko kwenye namba hizo. Siyo. Tuseme mzigo umeuzwa dola 1,000 na gharama zinazotolewa ni dola 100. Asilimia 3 ya 900 ni dola 27. Asilimia 4 ya 1,000 ni dola 40. Namba imepanda kwa moja tu, fedha imepanda karibu nusu. Kisa ni neno "ghafi". Neno moja! Na kwenye kodi ya mapato, sheria za wakati ule zilimruhusu mwenye mgodi kufuta gharama zote za uwekezaji mwanzoni na kuibeba hasara kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, ndipo ukaona migodi inapakia dhahabu kwenye ndege huku vitabu vyake vikilia njaa. Yote hayo yalikuwa halali. Soma tena: halali. Yaliandikwa.

Mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini London, Februari 2007. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani aliyesoma uchumi pale Mlimani, alipouhoji bungeni alisimamishwa ubunge Agosti mwaka huohuo. Mnakumbuka mitaa ilivyochemka. Baada ya hapo ikaundwa kamati ya Jaji Mark Bomani, ikatoa taarifa yake mwaka 2008, na ile sheria ya 2010 ikafuata. Kelele zilisaidia, sikatai. Lakini zilisaidia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu aliyeweza kusoma ukurasa wenye namba akaonyesha kidole mahali hasa.

Mwaka 2013 Mtwara watu walisema gesi haitoki. Nyumba zikachomwa, jeshi likaingia, watu wakafa. Bomba likajengwa mpaka Dar, likakamilika mwaka 2015. Nitajie mtu mmoja aliyekaa na wazee wa Mtwara chini ya mwembe na karatasi, akawaonyesha: gesi ikienda Dar ninyi mnapata hiki, ikibaki mnapata hiki, na baada ya miaka 20 ikiisha mtakuwa na hiki. Waliletewa hotuba, kisha wakaletewa mabomu ya machozi.

Julai 2014 nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2, kati ya TPDC na Statoil, ambayo siku hizi inaitwa Equinor, ilivuja. Mgawo wa gesi ya faida uliokuwamo ulionekana kuwa mdogo kwa Serikali kuliko ule wa mkataba wa mfano. Hapo nchi nzima ilihitaji watu wa kujibu swali moja: je, tofauti hiyo ni bei ya haki kwa kuchimba bahari yenye kina kirefu, au tumepunjwa? Waliojadili kwa namba ungewahesabu kwa vidole. Sisi wengine tulijadili kwa vyama.

DARASANI WANASOMA NINI?

Msingi ni mwaka 1931. Mmarekani mmoja, Harold Hotelling, aliandika kwamba mali isiyoota tena, kama mafuta au dhahabu, ni akiba ya benki iliyofukiwa. Mwenye nayo ana mambo mawili ya kufanya: aitoe leo, auze, fedha aziweke zizae, au aiache ardhini angoje bei ipande. Kama faida ya kila kipimo inapanda haraka kuliko riba ya benki, iache. Kama inapanda polepole, toa. Hesabu hiyo ukiielewa hutasema tena kijinga kwamba "tuchimbe yote haraka" wala kwamba "tuwaachie wajukuu". Utauliza bei inakwenda wapi.

Tazama gesi ya bahari kuu iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010. Serikali imekuwa ikitaja futi za ujazo trilioni 57 na zaidi kwa nchi nzima. Majadiliano ya kiwanda cha kuisindika kule Lindi yamevuta zaidi ya miaka 10. Je, tumepata au tumepoteza kwa kungoja? Hotelling angesema inategemea. Lakini kuna jambo ambalo yeye hakulikuta: dunia inayohamia kwenye jua na betri. Akiba ya benki haiozi, gesi inaweza kuoza sokoni, ikabaki chini hakuna anayeitaka. Sasa mtu wa kampuni anakuja na hoja hiyohiyo: "harakisheni, muda unakwisha, legezeni masharti." Je, ni kweli au ni mbinu ya muuza mitumba anayejifanya anafunga duka? Usipojua kukokotoa huwezi kujua.

Halafu kuna kitu ambacho mimi nakiona ndicho moyo wa somo zima, nacho ni bei ya kesho. Shilingi milioni moja itakayopatikana miaka 50 ijayo ina thamani gani leo? Ukitumia kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka, inapungua mpaka kiasi cha shilingi elfu 87. Ukitumia asilimia 1.4, ni karibu nusu milioni. Mali ileile, mwaka uleule! Aliyechagua kiwango ndiye aliyeamua kama mjukuu wako ni mtu au ni mavumbi. Mwaka 2006 Mwingereza Nicholas Stern alitoa taarifa yake kubwa juu ya mabadiliko ya tabianchi akitumia kiwango cha chini kama hicho, akasema dunia ichukue hatua kali mara moja. Mmarekani William Nordhaus, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2018, akampinga kwa kiwango cha juu, akasema twende hatua kwa hatua. Ugomvi wa mabingwa wawili, na kiini chake kimojawapo ni namba moja ndogo! Siku ukiletewa upembuzi yakinifu wa mradi wenye kurasa 400, fungua moja kwa moja pale walipoficha kiwango hicho. Mara nyingi kiko kwenye kiambatisho.

Samaki nao wamo. Mwaka 1954 Mkanada Scott Gordon alionyesha kwamba ziwa lisilo na mwenyewe litaingiwa na mtumbwi mmoja baada ya mwingine mpaka faida iishe yote. Kila mvuvi ana akili timamu, na wote kwa pamoja wanafilisika. Nenda Kirumba, Mwanza, uulize wazee sangara alikuwa na ukubwa gani zamani. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki. Garrett Hardin mwaka 1968 akadai mali ya wote ni lazima iharibike, kwa hiyo ama apewe mtu binafsi au ishikwe na serikali. Wakubwa wengi waliipenda sana hoja hiyo, na unaweza kukisia kwa nini.

Akaja mwanamke, Elinor Ostrom, akasoma habari za wanavijiji wa milima ya Uswisi, za vijiji vya Japani na wakulima wa umwagiliaji wa Hispania, na mwaka 1990 akatoa kitabu kuonyesha kwamba watu wenyewe wanaweza kuilinda mali ya pamoja kwa karne nyingi, mradi wawe na kanuni zao, walinzi wao na adhabu zao. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Bibi huyo angekuja Babati angecheka kwa furaha. Msitu wa Duru-Haitemba ulitaka kuchukuliwa na serikali kuwa hifadhi, wanavijiji wakakataa, na kufikia mwaka 1994 wakakabidhiwa waulinde wenyewe. Wakaulinda. Wasukuma nao na ngitili zao, ambazo mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulizifufua Shinyanga, hawakuwa wamesoma Ostrom. Sasa wewe ukienda kuandika tasnifu juu ya hayo, si unarudi nyumbani na mali ya kwenu mkononi?

Na mkaa. Ukinunua kopo la mkaa Tandale unamlipa mchomaji, mwenye lori, mwenye gunia na mama wa kibandani. Nani amelipia mti? Nani amelipia mto uliopungua maji na kifua cha mama anayepika? Hakuna. Mwingereza Pigou mwaka 1920 alisema gharama zilizotupwa kwa jirani zirudishwe kwenye bei kwa kodi. Vizuri, lakini ukipandisha bei ya mkaa kesho asubuhi, nani atalala njaa? Si yule wa shangingi. Serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nani amekaa akapima mama wa Tandale atanunuaje mtungi wa gesi kwa mkupuo, wakati kipato chake ni cha kopo moja moja? Hilo ni swali la shahada ya uzamili, na jibu lake halipo London.

Umeme mnaujua, mmelala nao gizani. Maji ya Mtera hayana bei kwenye karatasi, lakini kila tone lililoshushwa leo kwenda Kidatu halitakuwepo Oktoba. Kwa hiyo lina bei, isipokuwa hakuna aliyeiandika. Mwaka 2006 mabwawa yalipokauka tuliingia kwenye mgawo, na katika haraka ya mgawo ndipo Richmond ilipopata mlango. Tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere imeanza kuwaka, tisa ya megawati 235 kila mmoja. Furahini, lakini maji ni maji. Mtu anayejua kukokotoa thamani ya maji bwawani ataokoa fedha nyingi kuliko wahubiri kumi wa kubana matumizi.

MWARABU WA BASRA

Mtaniambia, haya ni ya Wazungu, wao wana vichwa. Basi nisikilizeni kisa cha Farouk al-Kasim. Alikuwa Mwiraki wa Basra, mjiolojia wa mafuta aliyesoma London, mkewe Mnorwei. Mwaka 1968 waliacha kila kitu wakahamia Norway kwa sababu mtoto wao mdogo alikuwa mgonjwa na alihitaji matibabu. Alifika Oslo asubuhi, treni ya kwenda kwao mkewe ilikuwa ya jioni. Badala ya kukaa stesheni akaenda wizarani kuuliza kama kuna makampuni ya mafuta yanayoweza kumwajiri. Alikuta idara ya mafuta yenye vijana watatu hivi, na hakuna aliyekuwa amewahi kufanya kazi kwenye mafuta. Wakampa matokeo ya visima vya majaribio asome. Mwishoni mwa 1969 ikagunduliwa Ekofisk, na huyo mhamiaji wa treni ya jioni akawa miongoni mwa walioandika sera ya mafuta ya nchi ile.

Walifanya nini? Walianzisha kampuni ya umma ya Statoil mwaka 1972, na chombo tofauti cha kuikagua. Mchezaji si refa. Waliyalazimisha makampuni yasichote cha juujuu na kuondoka. Ekofisk ilitarajiwa kutoa asilimia 17 ya mafuta yake. Kwa kusukumia maji chini, hesabu ikapanda mpaka karibu nusu. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya mfuko wa akiba, na fedha ya kwanza ikaingia 1996. Yaani hata wao walikaa miaka 6 mfuko ukiwa mtupu. Leo mfuko huo unamiliki takribani asilimia 1.5 ya hisa zote zilizo kwenye masoko ya hisa duniani, na kanuni yao ni kutumia kiasi cha faida inayotarajiwa tu, zamani asilimia 4, tangu 2017 asilimia 3. Sababu nyingine ni kuogopa ugonjwa uliowapata Waholanzi baada ya gesi yao ya mwaka 1959: fedha za kigeni zinafurika, sarafu inanenepa, kila cha kuagiza kinakuwa rahisi, na mkulima wa nyanya wa kwao anafunga shamba.

Sikusimulii haya ili tuwasujudie. Wanorwei walikuwa na nidhamu hiyo kabla ya mafuta. Mwaka 1909 walishaandika kwenye sheria kwamba maporomoko ya maji yanayokodishwa yatarudi serikalini bure muda ukiisha. Hawakuamka siku moja wakiwa watakatifu.

UENDE WAPI, NA KWA FEDHA ZA NANI?

Huko Bergen, mji wa mvua kuliko Bukoba, kuna chuo cha biashara na uchumi kinachoitwa NHH, kilichoanzishwa mwaka 1936. Ndani ya shahada yake ya uzamili kuna mkondo wenye jina hilihili: nishati, maliasili na mazingira. Wanafundisha masoko ya umeme, mafuta, uvuvi na hewa ya ukaa. Kwa miaka mingi vyuo vya umma vya Norway havikutoza ada hata kwa Mwafrika. Mlango huo ulifungwa: tangu vuli ya mwaka 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa. Kwa hiyo usiuze kiwanja cha mzee. Omba ufadhili kwanza, na uombe mwaka mzima kabla.

Lakini mimi ningekwambia uanzie hapa. Pale Mlimani, shule ya uchumi ina kituo cha utafiti wa mazingira na maendeleo kilicho kwenye mtandao unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden. Vilevile kuna mpango wa pamoja wa uzamili ulioanzishwa mwaka 1993 na AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi. Wanafunzi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali za Afrika hukutanishwa kusoma masomo ya kuchagua, na uchumi wa mazingira ni mojawapo. Utakaa dawati moja na Mganda aliyeona mafuta ya Ziwa Albert na Mghana aliyeona ya kwao. Hiyo peke yake ni shule.

Nikutahadharishe mambo mawili. La kwanza ni hesabu. Kama uliikimbia kalkulasi ukajificha kwenye somo la kukariri, itakukamata. Hakuna mkato. Kaa na vitabu vya kidato cha sita miezi sita kabla ya kuomba, ukimaliza jifunze takwimu kwa kompyuta, kwani siku hizi hakuna tasnifu ya mkono.

La pili ni chungu. Usidhani waliotia saini mikataba mibaya walikuwa mbumbumbu wote. Wengine walikuwa na digrii zinazojaza ukuta. Kusoma si chanjo ya ulaji. Ukimaliza, kampuni itakupa mshahara ambao wizara haitaufikia, na utakaa upande wa pili wa meza ukiwa na ngozi yetu na begi lao. Sitakulaani, watoto wanakula. Ila ujue kwamba sasa hivi meza zinaongezeka. Kuna nikeli ya Kabanga na kinywe cha Mahenge, vinavyotafutwa kwa betri. Kuna biashara ya hewa ya ukaa, ambayo Serikali iliitungia kanuni mwaka 2022, na Wahadzabe wa Yaeda walikuwa wameshaanza kuuza kabla ya hapo. Msitu unauzwa bila kukatwa! Nani amemkokotolea mzee wa Kihadzabe kwamba tani yake imeuzwa kwa bei ya haki?

Na sheria siku hizi inakupa mahali pa kushika. Ile ya uwazi katika uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba itangazwe. Ile ya mwaka 2017 inalipa Bunge mamlaka ya kupitia masharti hasi kwenye mikataba ya maliasili. Mkataba ukitangazwa na hakuna kijana hata mmoja wa kuusoma, umetangaziwa nzi.

Kijana mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: "Mzee, kama sina fedha wala chuo, nianzie wapi?" Namjibu mbele yenu. Nunua daftari la shilingi elfu moja. Kila Jumamosi, kwa mwaka mzima, andika bei ya kopo la mkaa, lita ya mafuta ya taa na mtungi mdogo wa gesi katika vibanda vitatu vya mtaani kwako, vilevile vitatu. Andika na siku ya mvua. Andika na siku lori halikuja. Mwakani nitafute, lete daftari hilo, tukae tuchore mstari wa kwanza.